Fundi wa Funguo Anayemuuliza Kila Mteja Nani Kamtuma

Saa mbili asubuhi, mlango wa karakana uko wazi nusu. Nusu nyingine imezibwa na kiti, na juu ya kiti amekaa mwanamke wa makamo mwenye miwani usoni na miwani nyingine juu ya kichwa. Mbele yake, nje, amesimama kinyozi wa mtaa wa pili, jasho linamtiririka, mikono imeshikilia mkokoteni usirudi nyuma.

Juu ya mkokoteni kuna mashine ya michezo ya zamani, zile za kusimama, zenye kioo kama cha televisheni, vitufe vyekundu na tundu la kutumbukiza sarafu. Milango yake miwili midogo imefungwa, na ufunguo haupo.

"Nani kakutuma?" mwanamke anauliza.

"Hakuna aliyenituma, mama. Mashine ni yangu. Nimepoteza tu ufunguo."

"Umepoteza, au huna?"

Kinyozi anafikiri kidogo. "Sina. Sijawahi kuwa nao."

"Basi usiseme umepoteza. Kakuuzia nani? Mbele ya nani?"

Maswali yanaendelea. Muuzaji alikuwa mrefu au mfupi? Mashine ilikuwa imesimama au imelazwa? Nani aliibeba? Mwenye baiskeli anapiga kengele kwa sababu mkokoteni umeziba njia, lakini mwanamke hamwangalii. Mwishoni anamwambia kinyozi alete shahidi, na asiwe rafiki yake, maana rafiki huapa chochote.

Baada ya muda kinyozi anarudi na mama mkwe wake.

"Huyu mama atasema kama nimenunua au nimeiba," anasema, amejiinamia kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu.

Mama mkwe anathibitisha kwamba mashine imenunuliwa, na anaongeza, bila kuulizwa, kwamba ni upuuzi mtupu na fedha ile ingenunua kitanda cha mtoto. Fundi anasogeza kiti. Mtu hawezi kupanga uongo na mama mkwe, anasema baadaye, hata akitaka.

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Nani Kakutuma, na watoto hulitaja jina hilo kwa sauti ya chini wakipita mbele ya karakana. Yeye analijua na halimsumbui. "Mwizi akilisikia anapita mtaa mwingine," anasema. "Mimi napumzika."

Kazi yake ni kuzitafutia funguo mashine za michezo za zamani. Kumbi nyingi za michezo zilifungwa miaka mingi iliyopita, mashine zikalundikwa kwenye maghala na chini ya ngazi za watu. Sasa zinatafutwa tena. Wanazitaka wenye mikahawa, wenye saluni, na watu wazima wenye fedha wanaotaka kucheza walichonyimwa utotoni. Mashine huwa zinapatikana. Funguo ndizo zimepotea.

Mwenye drili angezifungua kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Nani Kakutuma haigusi drili. "Mtu amenunua kitu kwa sababu ni cha zamani," anasema, "halafu wewe unamrudishia na tundu jipya. Si umemharibia?"

Huanza kwa kusugua uso wa kitasa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Viwanda vingi vilikuwa vikigonga namba ndogo pale mbele, na vitasa vyenye namba moja hufunguliwa na ufunguo wa aina moja. Akiisoma namba, anaingia kwenye makopo yake ya biskuti, yaliyojaa funguo kuukuu alizonunua kwa wauza vyuma chakavu. Asipopata, huwapigia simu wazee waliowahi kusimamia kumbi. Wengi bado wana shada la funguo kwenye droo, wala hawajui wanalitunzia nini.

Ikishindikana kote, huchukua ufunguo usiochongwa, anaupaka masizi ya mshumaa, anauingiza na kuuzungusha kidogo tu. Akiutoa, masizi yamekwanguka pale kitasa kilipouma. Hapo ndipo anapopitisha tupa. Anarudia na kurudia mpaka mlango ukubali.

Mashine moja ngumu hulipia pango la karakana kwa mwezi. Lakini kuna miezi inapita bila mashine hata moja, na hapo huishi kwa kuchonga funguo za makabati na mabegi.

Ana sharti moja linalowakera wateja wote: hachongi nakala. Kitasa kimoja, ufunguo mmoja. Anayetaka wa pili aende kwa fundi mwingine, na wapo tele. "Ufunguo wa pili ndio unaoleta maneno," anasema. "Ukiwa mmoja, kitu kikipotea unajua pa kuanzia."

Maneno hayo ya mwisho aliyatamka kwa mkazo kidogo, na wakati ule mwandishi wa makala haya hakujua kwa nini.

Majirani wana mashaka yao. Fundi viatu wa chumba kinachofuata, ambaye ametumia ukuta mmoja naye kwa miaka mingi, alimvuta mwandishi pembeni. "Huyu mama akitaka anaingia nyumba yoyote hapa," alinong'ona. "Bado hajataka tu." Mlangoni kwake ameweka makufuli mawili.

Nani Kakutuma alipoulizwa juu ya makufuli hayo alitabasamu. "Nilimwambia la chini halishiki vizuri. Nilikuwa namsaidia. Tangu siku hiyo salamu zake zimekuwa za kulazimishwa."

Yeye naye hamwamini mtu. Mwandishi alipojitambulisha, fundi alichukua simu, akatafuta namba ya gazeti mwenyewe, akamwomba mhariri amweleze mwandishi alivyo. Mhariri akasema ni mfupi na hupenda kuuliza jambo moja mara mbili. Fundi akakata simu na kumsogezea mwandishi kigoda, lakini mkoba wa mwandishi ulibaki mlangoni.

Tatizo lake kubwa ni macho. Daktari amemwambia hayatakuwa bora kuliko yalivyo leo, na ndiyo maana anavaa miwani moja na kubeba nyingine. Mistari ya masizi kwenye ufunguo anaiona kwa shida. Anahitaji mtu wa kukaa naye mezani, mwenye macho na mwenye mkono mwepesi. Asipompata, karakana itafungwa, na yeye anajua.

Vijana walioomba kujifunza aliwarudisha wote. Mmoja aliulizia mno ni milango gani ya mtaani iliyo rahisi. Mwingine hakuuliza kitu chochote, na hilo nalo likamtia shaka. "Kumpa mtu kazi hii ni kumpa nyumba za watu," anasema. "Nimpe nani?"

Ukimuuliza alijifunzia wapi, hujibu haraka na kubadilisha mazungumzo: kwa kaka. Ilichukua siku kadhaa za kukaa kigodani kupata yaliyobaki.

Kaka yake mkubwa alikuwa msimamizi wa ukumbi wa michezo. Alifungua asubuhi, alifunga jioni, alitengeneza mashine zilipovunjika na kuwafukuza watoto waliotumia vipande vya bati badala ya sarafu. Kila mchana dada mtu alimpelekea chakula, akipitia mlango wa nyuma, na kaka akimaliza kula alimwonyesha jinsi vitasa vinavyofanya kazi.

Siku moja kaka alimletea zawadi: kitasa kilichong'olewa kwenye mashine ya barabarani ya kuuzia soda, iliyokufa, pamoja na ufunguo wake. Akamwambia achonge mwingine unaofanana nao. Alichonga, akaharibu, akachonga tena, mpaka wa kwake ukageuka. Nakala hizo zote zilitupwa zamani. Ufunguo ule wa mfano bado unaning'inia kwenye msumari wake ukutani, juu ya meza, na ni yeye tu anayeruhusiwa kuupangusa vumbi.

Kisha sarafu za ukumbini zikaanza kupungua. Mwenye ukumbi akatangaza mbele ya watu kwamba milango ya sarafu ina ufunguo mmoja tu, na huo ameukabidhi kwa mtu mmoja. Hakukuwa na haja ya kumtaja. Kaka akafukuzwa, na habari ikafika nyumbani kabla yake.

"Mimi ndiye niliyemuuliza wa kwanza," Nani Kakutuma anasema. Anavua miwani na kuifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mama alikuwa amekaa pale, analia. Nikamwambia, kaka, zile sarafu umezipeleka wapi? Maana mwezi ule alikuwa ameezeka nyumba ya mama mabati mapya, na sisi tulikuwa hatuna kitu. Aliniangalia tu. Hakukana, hakukubali. Akatoka."

Tangu hapo wakawa wanaonana misibani. Hata siku ya mazishi ya mama yao, kaka alisimama upande wa majirani, akaondoka kabla watu hawajaketi. Hakuna ukumbi uliomwajiri tena. Anaishi upande wa pili wa mji, anatengeneza feni.

"Nilimchukia," anasema. "Na nilimkumbuka. Vyote kwa pamoja, kila siku nikikaa kwenye meza hii kufanya alichonifundisha."

Sasa turudi kwenye mkokoteni wa kinyozi.

Mama mkwe alipokwisha kuondoka na mashine kuingizwa ndani, fundi aliizunguka mara moja akiwa na tochi. Ubavuni, karibu na sakafu, kulikuwa na kiraka cha bati kilichopigiliwa kwa misumari midogo ya viatu. Akakipapasa. Alikijua kiraka kile. Kaka yake alipokipigilia, kwenye ukumbi ule, yeye ndiye aliyemshikia misumari.

Mtu mwingine angefurahi. Yeye aliingiwa na shaka. Katika mafundi wote wa mji, kwa nini mashine hii iletwe kwake? Akamwita kinyozi arudi, akamuuliza upya, safari hii kwa sauti kali: nani kakutuma? Ni kaka yangu? Ni watoto wa mwenye ukumbi? Kinyozi akaapa kwamba alielekezwa na mteja wakati akimnyoa ndevu, na mteja mwenye wembe shingoni hana sababu ya kudanganya.

Mashine ikafunikwa shuka, ikakaa. Kinyozi alipopita kuulizia aliambiwa kitasa ni kigumu. Kitasa kilikuwa hakijaguswa.

Hatimaye, asubuhi moja, mwandishi alimkuta ameondoa shuka na kupiga magoti mbele ya mlango wa sarafu. Alikuwa anasugua kitasa, na alikuwa amekasirika.

"Angalia," alisema. "Namba haipo. Haijafutika kwa kutu, imekwanguliwa kwa tupa. Na cha chini vilevile. Mtu alikaa akaviondolea namba kimoja kimoja."

Ni nani angefanya hivyo? Mwenye ukumbi, alijibu mwenyewe. Na kwa nini? Labda aliogopa mtu asije akaisoma namba na kwenda kuagiza ufunguo mwingine. Au labda aliogopa watu wasije wakajua jinsi ufunguo wa namba hiyo ulivyozagaa.

Akaamua kutumia masizi. Kabla ya kuchagua ufunguo usiochongwa alihitaji kujua upana wa tundu, kwa hiyo akanyoosha mkono juu, akashusha ufunguo wa kwenye msumari, ule wa mashine ya soda, ili aupimie tu. Ukaingia. Akauzungusha bila kufikiri, kama mtu anavyojaribu bomba la maji.

Mlango ukafunguka.

Akaufunga, akaufungua tena. Akauchomoa, akautia kwenye kitasa cha chini. Nacho kikafunguka. Akakaa sakafuni, ufunguo umo kiganjani, na mwandishi, aliyezoea kumwona akiwa na swali mdomoni, hakujua pa kutazama.

"Nilikuwa nao nyumbani," alisema mwishowe. "Wakati wanamwita mwizi, ufunguo wa ukumbi ulikuwa chini ya mto wangu."

Kinyozi, aliyeitwa muda mfupi baadaye kuuona mlango uliofunguka, aliingiza kichwa ndani ya mashine na kuanza kucheka. Kwa ndani, karibu na sanduku la sarafu, kulikuwa na ndoano, na kwenye ndoano ulining'inia ufunguo mwingine wenye vumbi. "Kumbe ulikuwa humu humu," alisema. Mafundi waliosimika mashine hizo walikuwa na tabia ya kuacha ufunguo wa akiba ndani, na kila anayefanya kazi hii ana hadithi ya ufunguo uliofungiwa na mlango wake.

Nani Kakutuma hakucheka. Aliuweka ufunguo wa ndoano juu ya ule wake, akazielekeza kwenye mwanga wa mlango. Meno yalilingana, jino kwa jino. Ufunguo mmoja tu, alikuwa amesema mwenye ukumbi. Kumbe kila mashine ilikuwa na wake tumboni, na zote ni sawasawa, na sawa na wa mashine ya soda ya barabarani.

Mwenye ukumbi amekwisha kufariki. Mwandishi alimpata mwanawe kwa simu na kumuuliza kama anakumbuka kisa cha sarafu. "Mambo ya zamani hayo," alijibu. Alipoulizwa ni nani aliyekwangua namba kwenye vitasa, alitaka kwanza kujua nani kampa mwandishi namba yake, kisha simu ikakatika. Haikupokelewa tena.

Je, kaka hakuiba? Hilo ndilo swali ambalo fundi alilala nalo na kuamka nalo. "Ufunguo umenionyesha kwamba mtu yeyote angeweza," alisema. "Haujanionyesha kwamba yeye hakufanya." Ni mwanamke asiyejihurumia, wala hamhurumii mwingine.

Hata hivyo alifunga karakana siku iliyofuata kabla ya adhuhuri, jambo ambalo fundi viatu alilitolea macho, na akamwomba mwandishi amsindikize. "Nataka shahidi," alisema.

Kaka anaishi kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la rangi. Mlango ulifunguka kiasi cha mnyororo, na kwenye upenyo likaonekana jicho moja na nusu ya ndevu nyeupe.

"Nani kakutuma?" alisema kaka.

Swali lile, kumbe, lilikuwa lake. Ndilo alilowauliza watoto ukumbini walipokuja kuchenji fedha za wakubwa. Mdogo wake alilichukua pamoja na ufundi.

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe."

"Na huyo?"

"Shahidi."

"Shahidi wa nini? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, kaka. Fungua."

Mnyororo ukatolewa. Chumba kilijaa feni zisizo na mapanga na mapanga yasiyo na feni. Hakukuwa na pa kukaa isipokuwa kitandani, kwa hiyo wote wakasimama. Dada mtu akaweka funguo mbili juu ya meza.

"Huu ulinipa wewe. Huu umetoka ndani ya mashine ya kiraka. Ni mmoja."

Kaka hakuzishika. Alizitazama tu, na hakushangaa. Mwandishi aliliona hilo, na dada yake aliliona kabla ya mwandishi.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua tangu nilipokupa. Huo na zote za pale ukumbini zilikuwa sawa."

"Sasa kwa nini hukusema? Walikuita mwizi mbele ya mama. Ungesema ufunguo hauko mmoja."

Kaka akavuta feni moja, akaanza kuzungusha panga lake kwa kidole.

"Wangeniuliza mwingine uko wapi. Ningewaambia nini? Uko nyumbani kwetu, anao mdogo wangu, na kila mchana mdogo wangu anapita mlango wa nyuma na chakula?"

Dada mtu alizigeuza funguo mbili juu ya meza.

"Na mwezi ule ule ukaingiza cherehani nyumbani," kaka aliendelea. "Mpya. Nikakuuliza umeipata wapi, ukasema nisiulize. Nikajua."

"Ulijua nini?"

"Nilidhani ni wewe, mdogo wangu. Nikaona bora nibebe mimi. Mimi ni mwanamume, nitapata kazi kwingine. Wewe ungeolewa na nani na jina lile?" Panga la feni likasimama. "Halafu nafika nyumbani, na wewe ndiye wa kwanza kuniuliza nimezipeleka wapi. Nikasema, hapana. Huyu hana hata haya."

Kwa miaka yote hiyo, kila mmoja alikuwa amemhesabu mwenzake mwizi. Kaka alikuwa amebeba jina la mwizi kwa ajili ya dada ambaye hakuiba, na dada huyo alikuwa amemtupa kwa kosa ambalo hakulifanya. Au ndivyo wanavyosema.

"Cherehani alinipa shangazi," dada mtu alisema. "Alinikataza nisiseme, binti zake wasije wakanuna."

"Shangazi kafariki."

"Najua kafariki."

"Kwa hiyo shahidi huna."

"Sina. Na mabati ya mama?"

"Niliuza baiskeli."

"Kwa nani?"

"Mtu wa kupita tu. Simjui."

"Kwa hiyo na wewe huna."

"Sina."

Wakaangaliana. Mwandishi anakiri kwamba hata yeye alimtazama huyu, kisha yule, akitafuta nani ameyumba. Hakumpata. Hajampata mpaka leo. Ghafla dada mtu akaketi kitandani na kulia kwa sauti, mikono yote miwili usoni, na miwani ya kichwani ikaanguka kati ya feni. Kaka akainama, akaitafuta, akaipuliza vumbi. Aliijaribu machoni kwake kwanza.

"Hii inaona mbali," alisema. "Wewe unafanyaje kazi na hii?"

"Sifanyi. Sioni masizi vizuri siku hizi."

"Mimi naona."

Kinyozi amekwisha kupata mashine yake, nayo imesimama kwenye kona ya kibanda chake, ambako wateja husahau zamu zao wakicheza. Fundi alimtolea vitasa vyote viwili vya zamani na kumwekea vipya, bila malipo, kwa sababu hawezi kumwachia mteja mlango ambao ufunguo wake mwingine uko ukutani kwa fundi. Kinyozi aliuliza kama anaweza kupata nakala. Alikataliwa.

Siku ya mwisho mwandishi alipofika, mlango wa karakana ulikuwa wazi nusu kama kawaida, lakini mlio wa tupa ulisikika mpaka nje. Nani Kakutuma alikuwa amebana ufunguo kwenye jiliwa na kuuchonga polepole, akiusogeza karibu na pua kila baada ya kuupitishia tupa. Kando yake, kama mfano, ulikuwa umelala ufunguo wa karakana yake mwenyewe.

Ni nakala. Ya kwanza tangu afungue mlango huu.

Fundi viatu naye alikuwa amesikia, akaja na kusimama mlangoni akiwa ameshika kiatu cha mtu. "Wa nani huo?" aliuliza.

"Wa kaka yangu. Jumatatu anaanza kazi."

"Yule wa…"

"Huyo huyo."

Fundi viatu alirudi kwake, na muda si mrefu akasikika akitikisa kufuli lake la chini.

Mpango wao ni huu: kaka atasoma masizi na kukaa na tupa, yeye atabaki mlangoni na maswali. Wakipata mashine za kutosha, watachukua na chumba cha nyuma, wazitengeneze na vioo vyake na nyaya zake, wasiishie kwenye vitasa. Macho yake hayatapona, anasema, lakini karakana haitafungwa.

Mwandishi, kwa kuwa hupenda kuuliza jambo moja mara mbili, alimuuliza tena: sasa anaamini kwamba kaka yake hakuiba?

Alichomoa ufunguo kwenye jiliwa, akaupuliza, akaupeleka mlangoni, akaujaribu. Ulikataa. Akaurudisha, akaupitisha tupa mara moja, akaujaribu tena. Kitasa kikageuka.

"Sina shahidi, na yeye hana," alisema. "Lakini akifika hapo mlangoni Jumatatu, sitamuuliza nani kamtuma. Atafungua mwenyewe."